Re: Kwani usalama si kazi ya polisi na jeshi?
Mkuu umeuliza kwani usalama si kazi ya polisi na jeshi tu, mi nakataa aisee. Niko huku Ujiji, Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, jamaa wa dagaa akiingia ziwani usiku anawaza upepo, anawaza na majambazi wa kupora injini, sasa huyo mwambie nchi ina amani akuelewe vipi wakati injini ikienda wanae hawali? Ndo maana UNDP, lile shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, kwenye ripoti yao ya 1994 walisema usalama ni pamoja na chakula, afya, kipato, sio mipaka tu.

Kwa jamii angalia sungusungu, ule ulinzi wa wanakijiji wenyewe, Wasukuma na Wanyamwezi wa hapo Tabora walijianzishia wenyewe mwanzoni mwa miaka ya 80 wizi wa ng'ombe ulipozidi, yowe likipigwa kijiji kizima nje (japo walikuwa wanapitiliza, kile kipigo sio cha mchezo).

Nchi ndo usiseme, ziwa lenyewe tunagawana nchi nne. Burundi ilivyochafuka 2015 wakimbizi wakajazana pale Kagunga, kijiji cha huku kwetu kando ya ziwa karibu na mpaka, mpaka kipindupindu kikalipuka, hapo bunduki ingesaidia nini, kilichotakiwa ni maji safi na vyoo, tena fasta.