Ulimkamata Wapi, Lini?

Swali lenu la wiki hii liliuliza: "Ni kazi gani uliyoishuhudia kwa macho yako, ambayo watu wengi hawajui uzito wake?" Nililisoma jioni, na kabla sijalala nilikuwa na jibu. Ni kazi ya profesa wa wadudu. Nimekuwa fundi wa maabara kwa miaka 27, mingi ya hiyo chini ya mwalimu mmoja wa chuo kikuu ambaye huku Tororo, mashariki mwa Uganda, watu walimwita Mzee wa Inzi. Jina lake naliacha, kwa kuwa mwenyewe hapendi kutajwa.

Mimi ni mtoto wa reli. Baba alifanya kazi stesheni ya Tororo, na pale kwenye nyumba za reli Wateso, Wajapadhola, Waluhya na Wanubi tulikuwa ukuta kwa ukuta, basi lugha ya uani ilikuwa Kiswahili. Kiswahili hicho ndicho kilichonipa kazi. Mwaka 1988 malale, ugonjwa wa usingizi unaoenezwa na mbung'o, yalikuwa yametoka Busoga yakaingia kwetu, na Profesa alihitaji mtu wa kubeba mitego na kuzungumza na wenye mashamba. Nilikuwa na miaka 22, sina kazi, na sikujua kwamba inzi wana majina.

Siku ya kwanza tulikwenda Mto Malaba. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, nikateleza na mtego mkononi. Mtego wenyewe ulikuwa kitambaa cha buluu na cheusi kilichovishwa kofia ya chandarua cheupe, na juu kabisa chupa ya plastiki. Mbung'o huvutwa na ile buluu, hutua kwenye nyeusi, kisha hupanda kuelekea mwanga na kuishia kwenye chupa. Profesa alinionyesha wa kwanza: bawa moja limelala juu ya jingine, kama mkasi uliofungwa. Inzi wengine wa ng'ombe huyatandaza mabawa yao au huyaweka kama paa la nyumba. Kisha akatoa penseli na kijikaratasi kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba.

"Binti, ulimkamata wapi?"

Nikamwambia: hapa.

"Hapa ni wapi? Andika mto. Andika tarehe. Andika namba ya mtego na jina lako. Mdudu asiye na kibandiko ni takataka."

Sitasahau alivyosema hivyo, kwa upole kabisa, kama mtu anayemfundisha mtoto kunawa mikono.

Maabara nilijifunza kwa kumtazama. Alimlaza mbung'o kwenye kioo juu ya tone la maji ya chumvi, akamtoa mabawa na miguu, kisha kwa sindano mbili akamfungua chini ya hadubini. Anachotafuta kipo sehemu tatu. Vimelea vikiwa kwenye mrija wa kunyonyea peke yake, hao ni wa mifugo, aina ya vivax. Vikiwa kwenye mrija na utumbo, ni congolense, ambao nao ni balaa la ng'ombe. Vikifika kwenye tezi za mate, hapo Profesa alinyamaza, kwa sababu hilo ni kundi la brucei na ndani yake wamo wanaoleta malale kwa binadamu. Tezi zenyewe ni nyuzi mbili nyembamba kuliko uzi wa kushonea. Tulifungua mbung'o siku nzima bila kuona kitu, na kila mmoja aliandikwa kwenye daftari: hana, hana, hana. Hata bawa lilisomwa. Ukingo wake wa nyuma huchanika kadiri inzi anavyozeeka, na Profesa alikadiria umri kwa kuhesabu michaniko.

Sababu za kuchagua kazi hii alizipata kwa bibi yake mzaa mama, aliyezaliwa ufukweni Busoga. Kati ya 1900 na 1920 malale yaliua zaidi ya watu 200,000 nchini Uganda, wengi wao Busoga na Buganda kandokando ya Ziwa Victoria na visiwani. Watu wa Buganda waliyaita mongota, yaani kusinzia. Mwaka 1903 David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza, na wenzake wakiwa Entebbe walionyesha kwamba anayeyabeba ni mbung'o. Miaka michache baadaye Gavana Hesketh Bell akaamuru watu wahamishwe kutoka ufukweni. Bibi yule alihamishwa akiwa mtoto mchanga mgongoni. Profesa alikua akisikia habari za makaburi na migomba iliyoachwa, na alipofika Makerere alitaka kujua huyo inzi ni nani hasa. Hakuwa anasema "nataka kupambana na ugonjwa". Alisema anataka kumjua.

Na hapo ndipo nilipo na neno la kusema, kwa maana watu wakisikia profesa wa wadudu hudhani ni mtu wa dawa ya kupuliza. Dawa huja mwisho. Kazi yenyewe ni kujua nani ni nani, anaishi wapi, anakula saa ngapi, anazaa vipi. Ukimkosea jina, kila kinachofuata kimekosewa.

Mbung'o jike hazai mayai mamia kama inzi wa chooni. Hulea buu mmoja tumboni, humzaa akiwa amekomaa, na buu huyo hujifukia udongoni mara moja na kutoka akiwa inzi baada ya karibu mwezi. Maisha yake yote hazidishi watoto kumi hivi. Kwa hiyo ukiweza kupunguza asilimia chache tu ya majike kila siku, idadi yao inashuka. Hesabu hiyo ndiyo iliyowafanya watu wazima na akili zao kushona vitambaa vya buluu na kuvitundika kando ya mito. Mtu asiyejua anavyozaa angeona ni mchezo.

Tena alinieleza kwa nini malale yalirudi. Baada ya 1972, Waasia walipofukuzwa na biashara ya pamba na kahawa kuyumba, mashamba mengi Busoga yaliachwa. Vichaka vya lantana vikajaa. Mbung'o wa huku, Glossina fuscipes fuscipes, kwao ni kwenye kivuli kando ya maji, lakini lantana ilimtengenezea kivuli hadi nyuma ya jiko. Mwaka 1976 ugonjwa ukalipuka. Tulipita nyumba kwa nyumba tukiwaomba wenye mashamba wafyeke, na mimi ndiye niliyekuwa nasema. Mzee mmoja aliniambia, "Mwanangu, hicho kichaka ndicho ua langu, nikikikata wezi watapita." Profesa aliandika na hilo pia.

Wanafunzi wake aliwapeleka Entebbe, kwenye taasisi ya utafiti wa virusi iliyoanza 1936 kwa ajili ya homa ya manjano. Mimi nilienda mara mbili. Katika msitu wa Zika kuna mnara wa chuma wa futi 120. Msitu huo ndio uliotoa jina la kirusi kilichopatikana kwa kima aina ya rhesus mwaka 1947, na mwaka uliofuata kwa mbu Aedes africanus. Alexander Haddow, mtaalamu wa wadudu, aliweka wakamata mbu kwenye majukwaa ya kimo tofauti, saa 24 mfululizo, wakiandika mbu gani kaja, saa ngapi, akiwa juu kiasi gani. Hivyo ndivyo ilivyojulikana kwamba huyu africanus hupenda vileleni, mara tu jua likizama. Huko Bwamba, magharibi mwa Uganda, habari ya homa ya manjano ikaeleweka: juu ya miti mbu mmoja huwaambukiza kima, kima hushuka kuiba ndizi, na kwenye migomba yupo mbu mwingine, simpsoni, anayezaliwa kwenye maji yaliyotuama kwenye makwapa ya majani. Huyo ndiye anayemuuma mkulima. Lakini si kila simpsoni anauma watu. Mganda mwenzetu, Louis Mukwaya, aliyefanya kazi Entebbe, mwaka 1977 alichapisha utafiti kwamba kupenda au kutopenda damu ya binadamu ni jambo la kurithi. Mbu wawili wanafanana kama mapacha, mmoja ni hatari kwako, mwingine hana habari nawe. Profesa alilisimulia hilo darasani kila mwaka, na kila mwaka sauti yake ilipanda.

Kuna na habari ya kaa. Upofu wa mtoni huletwa na inzi weusi wadogo. Wale wa Jinja, ambao wenyeji waliwaita mbwa, mabuu yao hukaa kwenye mawe ya maji yanayokwenda kasi, na kuanzia miaka ya 1950 walipigwa vita kwa kumwaga DDT, dawa ya kuua wadudu, kwenye Nile. Lakini milimani, Elgon na magharibi, watu waliendelea kuumwa, na mabuu hayakuonekana kwenye mawe wala majani. Mwaka 1950 nchini Kenya ndipo ilipogunduliwa kwamba mabuu ya inzi wa huko, Simulium neavei, hujishikiza kwenye magamba ya kaa wa mto. Nimewahi kushika kaa huyo mkononi, Profesa akimgeuza kwa kibanio, tukihesabu vijidudu vilivyoning'inia kama punje za mchele mwembamba. Tulikuwa tumelowa hadi kiunoni. Alikuwa na miaka 60 na zaidi.

Vyeo alivipanda kama wanavyopanda wote: mhadhiri msaidizi, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, profesa. Katika miaka ya 1980 mshahara wa mhadhiri haukumaliza wiki, mkewe akifuga kuku ndio watoto wakasoma. Wenzake wengi walikwenda nje. Sitawalaumu.

Nililoliona mimi likimuumiza halikuwa fedha. Alikuwa na makabati ya wadudu waliochomwa pini, mkusanyiko wa miaka 30. Ofisi moja ikahitaji chumba kile. Makabati yakahamishiwa stoo yenye paa linalovuja, na bajeti ya nafthalini, dawa ya kuzuia wadudu waharibifu, haikupitishwa miaka miwili. Tulipopata ufunguo, nilivuta droo ya kwanza. Mbawakawa wadogo wanaokula vitu vikavu walikuwa wamemaliza. Chini kulikuwa na vumbi la kahawia, na pini zimesimama safu kwa safu, kila moja na kibandiko chake, bila mdudu. Profesa alisimama pale muda mrefu. Kisha akaomba bahasha, tukaanza kuvitoa vibandiko kimoja kimoja.

Leo kuna mashine za kusoma vinasaba, nami nazifurahia. Lakini aliwahi kuja mkulima na majani ya muhogo yaliyokunjamana, ameshauziwa dawa ya wadudu. Profesa alichukua kioo cha kukuzia, akahesabu miguu. Minane. "Huyu si mdudu, ni utitiri wa kijani," akamwambia, yule aliyeonekana Afrika kwa mara ya kwanza hapa Uganda mwaka 1971. Alimsihi asiipulize ile dawa, isije ikawaua wanaoula utitiri na kuuacha wenyewe. Ilimchukua dakika moja. Dakika hiyo ilijengwa na miaka 40, na ninaogopa tunapata vijana wachache mno wanaopewa nafasi ya kuijenga.

Sasa amestaafu. Macho yamepungua nguvu. Kila Jumamosi ya pili ya mwezi nafika kwake na tunanakili vile vibandiko kwenye madaftari, tumefika la nne. Mimi nasoma, yeye anasikiliza na kunisahihisha majina ya mito. Mwezi uliopita nilisoma kimoja chenye mwandiko wangu wa ujana: Mto Malaba, 1988, mtego namba 4.

"Kulikuwa na mvua?" akaniuliza.

"Ndiyo, Profesa. Usiku kucha."

"Andika."