Maswali ya Wasomaji: Je, Sumaku Inaweza Kuutambua Udongo?

SWALI: Ndugu Mhariri, mtaalamu alikuja kwenye shamba letu akiwa na fimbo yenye kitanzi cha duara nchani. Alikuwa akikigusisha ardhini, anasoma namba, anasogea hatua kadhaa na kurudia. Baadaye alituletea ramani ya rangi inayoonyesha mahali penye mfinyanzi mwingi na mahali penye mchanga, ilhali hakuchimba hata shimo moja. Je, tuiamini ramani hiyo?

JIBU: Ndugu msomaji, iaminini nusu, na kwa nusu iliyobaki mdaini mtaalamu huyo mashimo.

Kitanzi kile hutoa uga dhaifu wa sumaku unaobadilika haraka, kisha hupima ni kwa kiasi gani udongo ulio chini yake unaupokea na kuuongezea nguvu. Sifa hiyo, ambayo hapa tutaiita upokevu wa usumaku, hutokana kwa sehemu kubwa na madini machache ya chuma. Magnetaiti na maghemaiti huitikia mara mamia zaidi kuliko hematiti, ambayo ndiyo inayoupa udongo wekundu wake, na kwa sababu hiyo udongo mwekundu kupindukia unaweza kutoa namba ndogo huku ule wa kahawia uliopakana nao ukitoa namba kubwa. Mchanga mweupe, chokaa, maji na mboji huusukuma uga huo kidogo mno, kiasi kwamba kazi yake katika kipimo ni kuzimua tu.

Mfinyanzi basi unaingilia wapi? Pale ambapo eneo zima limetokana na mwamba mama mmoja, tuseme basalti (mwamba mweusi wa volkano) iliyooza kwa muda mrefu, chembe ndogo za oksidi ya chuma, yaani madini yale tuliyoyataja, hukaa pamoja na mfinyanzi, hivyo kimoja kikiongezeka na kingine huelekea kuongezeka. Huo ni ujirani, wala si undugu wa damu. Mkivuka mpaka na kuingia kwenye udongo uliotokana na mwamba mwingine, ujirani huo unaweza kuvunjika, na hata kugeuka kabisa, kwa kuwa iko miamba ambayo magnetaiti yake hubaki katika chembe nene za mchanga, na hapo namba kubwa humaanisha mchanga mwingi.

Ndiyo maana mpimaji makini huchukua sampuli katika baadhi ya vituo alivyovisoma, akazipeleka maabara zikapimwe mfinyanzi wenyewe, akatafuta uhusiano wa namba hizo mbili, kisha akaujaribu uhusiano huo kwa sampuli alizoziweka kando tangu mwanzo. Baada ya hapo ndipo hujaza nafasi zilizo kati ya vituo kwa hesabu ya krigingi, iliyopewa jina la Danie Krige, mhandisi wa migodi wa Afrika Kusini. Hesabu hiyo huchora ramani ya kupendeza hata kama uhusiano uliotangulia ni mbovu, na mimi huiogopa zaidi ramani nzuri isiyo na sampuli kuliko daftari la namba tupu.

SWALI: Tumepima mteremko mmoja kuanzia juu hadi bondeni. Udongo wa juu ulitoa namba kubwa kuliko wa chini yake, lakini bondeni penye maji yanayotuama namba zilianguka ghafla. Je, kifaa kimeharibika?

JIBU: Kifaa ni kizima. Kwamba udongo wa juu una usumaku zaidi ni jambo lililoelezwa na Mfaransa Le Borgne mwaka 1955. Kuoza kwa madini, kazi ya bakteria na mioto inayounguza majani huzalisha chembe mpya za magnetaiti na maghemaiti karibu na uso wa ardhi. Bondeni hali hugeuka, kwa sababu udongo uliojaa maji hukosa hewa, bakteria huibadilisha oksidi ya chuma ikayeyuka, na maji huihamisha. Anguko mliloliona linaweza basi kuwasaidia kuchora mpaka wa eneo la majimaji hata wakati wa kiangazi, uso wake ukiwa umekauka.

Mkikuta namba ndogo katikati ya mteremko mkavu, shukuni mmomonyoko: huenda tabaka la juu limekwisha kuondoka na mnasoma la chini. Kama kifaa chenu cha maabara kina masafa mawili, yaani kasi mbili za kubadilika kwa uga wake, linganisheni namba zake. Tofauti kubwa huashiria chembe ndogo kuliko takriban nanomita 30 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), ambazo kwa kawaida huzaliwa udongoni humo humo, ilhali majivu ya makaa ya mawe yanayoangushwa na moshi wa viwanda huwa na chembe kubwa zaidi, na tofauti yake ni ndogo.

SWALI: Mbona narudia kituo kile kile na kila mara napata namba nyingine?

JIBU: Tazama kwanza viatu vyako, kwani vile vyenye chuma kwenye vidole vinatosha kuharibu asubuhi nzima ya kazi. Kisha fyeka majani, maana kitanzi kinachosoma sentimita 10 hivi za juu hupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake kikiinuliwa kidogo tu. Soma hewani kabla na baada ya kila kituo ili uondoe badiliko linaloletwa na joto la jua. Namba ikiendelea kuruka, kwaruza udongo kwa kidole. Mara nyingi utakuta msumari.