Majina ya maua ya Kivietnamu kwenye vyeti

SWALI: Naandaa vyeti vya wageni watatu kutoka Vietnam: Nguyễn Thị Mai, Trần Thị Huệ na Lê Hồng Đào. Nasikia majina yao ni ya maua. Ni maua gani, niwaiteje jukwaani, na je, naweza kuziacha zile alama?

JIBU: Wavietnamu hutanguliza ukoo, jina la mtu mwenyewe huja mwisho. Waite Bi. Mai, Bi. Huệ na Bi. Đào. Ukiita “Bi. Nguyễn”, huenda wakasimama watu kadhaa, maana ukoo huo ndio mkubwa kuliko yote nchini mwao. “Thị” ni jina la kati la kike tu, halihusiani na ua lolote.

Mai na Đào ni maua ya Tết, yaani mwaka mpya. Kaskazini nyumba hupambwa kwa matawi ya đào, mfyulisi wenye maua ya waridi. Kusini kuna joto, hivyo hutumika mai ya manjano. Lakini mai inayosifiwa katika mashairi ya kale ni mti mwingine kabisa. Huo huchanua baridi haijaisha, na ndiyo maana jina hilo hubeba sifa ya ustahimilivu. Katika michoro hupangwa pamoja na lan (okidi), cúc (krisanthemumu) na trúc (mwanzi). Hồng peke yake ni waridi; hapa kwa Bi. Đào inataja rangi ya ua.

Huệ ni ua jeupe linalonukia zaidi usiku, na huwekwa kwenye madhabahu ya mababu. Katika maneno yenye asili ya Kichina, huệ ni pia hekima, na wazazi wengine hukusudia maana hiyo kuliko ua.

Alama usiziache. Đào bila alama ni dao, yaani kisu. Huệ ikibaki Hue, itasomwa kama mji wa Huế. Mai pekee ndilo halina cha kupoteza. Nakili majina kutoka kwa wageni wenyewe, si kwenye mistari miwili ya chini ya pasipoti, kwa sababu mistari hiyo ya mashine haibebi alama kamwe.

Kwenye kompyuta, herufi ệ ikitoka na umbo tofauti na jirani zake, fonti yako haina herufi hiyo. Tumia Arial au Noto Sans. Kisha chapisha nakala moja ya majaribio kwa herufi kubwa. NGUYỄN hukatwa kofia yake ya juu pale nafasi ya mistari ilipofungwa kwa kipimo maalumu. Irudishe iwe ya kawaida.