Kabla hujawekewa bega la chuma, uliza mkono utabaki na kazi gani

Wanaonipigia kutoka Moshi na Arusha kuhusu uvimbe wa mfupa begani huanza na maumivu. Maumivu yana dawa. Cha kumbana nacho daktari ni hiki: misuli ipi itabaki?

Uvimbe wangu ulikuwa juu kabisa ya mfupa wa mkono, pale unapoingia begani. Daktari huondoa mfupa pamoja na nyama inayouzunguka, asiache mbegu ya ugonjwa, kisha huweka chuma. Misuli haishiki kwenye chuma kama ilivyoshika kwenye mfupa, ndiyo maana wengi wetu hatuinui tena mkono kupita kichwa. Kinachookolewa ni kiwiko na kiganja. Ila kama msuli mkubwa unaofunika bega na mshipa wake wa fahamu vimesalimika, lipo bega bandia lililogeuzwa, tufe likikaa upande wa bega na kikombe upande wa mkono. Hilo huweza kukurudishia zaidi. Uliza kama linakufaa.

Kabla ya kisu kuna kuchukua kinyama cha kupima. Kipangwe na timu itakayokupasua, kwa sababu njia iliyopita sindano nayo hukatwa siku ya upasuaji. Ikipita pasipofaa, mpango unaharibika. Na bega linalouma usiku hata umelala, lisikandwe. Shangazi yangu wa Machame alikuwa ameshachemsha majani. "Shangazi, shikamoo, lakini tusubiri picha." Alininunia wiki nzima.

Ikiwa ni osteosakoma, saratani ya mfupa ambayo hupata zaidi vijana, dawa za kemo kwa kawaida huanza kabla ya upasuaji na kuendelea baada yake, na kifua hupigwa picha ya CT maana saratani hiyo hukimbilia mapafu. Wangu ulikuwa uvimbe wa seli kubwa, ambao mara nyingi si saratani ingawa hula mfupa. Kemo ikanipita.

Sasa nyumbani. Nenda soko la Memorial, Moshi, kabla ya kulazwa, chambua mitumba, chukua mashati ya vifungo mbele, makubwa kuliko mwili wako. Mkono mgonjwa huingia wa kwanza na kutoka wa mwisho. Dera la kuvalia kichwani liweke kando, utalia bure. Kamba ya nguo ishushwe ifike kifuani. Kukata mchicha nikiwa nimebana kiwiko ubavuni naweza. Kusonga ugali wa watu wengi niliwaachia wadogo zangu, na sijutii hata kidogo. Kwenye daladala bega bovu likae dirishani, konda asije akakugonga akipokea nauli.

Mazoezi fuata ya mtaalamu wa viungo, si ya jirani aliyevunjika mkono. Na kidonda kikitoa maji, au homa ikipanda, rudi hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni Jumapili: maambukizi yakishika kwenye chuma, vidonge vya duka la dawa haviyatoi, na chuma chenyewe kinaweza kulazimika kutolewa.