Jikoni na Wasomaji: Siki ya Balsamiki kwa Sosi ya Saladi

SWALI: Mhariri, salaam. Nilionja sosi ya siki ya balsamiki katika karamu ya arusi, nikaamua kuitengeneza nyumbani. Dukani nilikuta chupa ya bei nafuu, nyingine yenye bei karibu mara tatu, na ya tatu yenye siki nzito kama asali. Nilichukua ile ya kwanza, nikaisaga kwa blenda pamoja na mafuta ya zeituni, chumvi na kitunguu saumu. Sosi ilitoka chungu, ikajitenga baada ya dakika chache, na majani ya saladi yalilegea kabla wageni hawajaketi. Je, kosa ni la chupa au ni langu?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Chupa ina sehemu yake, lakini uchungu umetokana na blenda. Mafuta ya zeituni ya daraja la juu, yale yaliyokamuliwa bila moto, hugeuka machungu yanapopigwa kwa kasi na visu vya mashine. Chupa ya kioo yenye kifuniko, ikitikiswa kwa mkono, hutosha kabisa.

Sasa tuje kwenye ununuzi. Siki hii ni ya Modena na Reggio Emilia, kaskazini mwa Italia. Ile ya asili, ambayo lebo yake husomeka "Aceto Balsamico Tradizionale", hutengenezwa kwa maji ya zabibu yaliyochemshwa peke yake, kisha huhamishwa kutoka pipa kubwa hadi pipa dogo kwa muda usiopungua miaka 12. Ya Modena huuzwa katika kichupa cha mililita 100 kwa bei ya kutisha, na kuimwaga juu ya majani ni israfu. Hiyo hudondoshewa matone machache juu ya jibini au matunda. Inayokufaa wewe ni "Aceto Balsamico di Modena" yenye alama ya IGP, yaani alama ya Ulaya ya bidhaa inayotambulishwa kwa eneo inakotoka, ambayo imelindwa na sheria ya Umoja wa Ulaya tangu 2009 na ambayo ni mchanganyiko wa maji ya zabibu na siki ya divai uliokaa siku 60 au zaidi katika vyombo vya mbao. Hata humo kuna tofauti kubwa, kwa hiyo geuza chupa usome viambato: vinapangwa kwa kuanzia na kilicho kingi zaidi, basi maji ya zabibu yakitangulia siki ya divai, hiyo ni tamu na laini; siki ikitangulia, ni kali zaidi na huhitaji mafuta mengi. Ile nzito kama asali mara nyingi imetiwa sukari na wanga, nami nisingeitia katika sosi hata kama ningepewa bure.

Vipimo vya vitabuni, yaani sehemu 1 ya siki kwa sehemu 3 za mafuta, vilikusudiwa siki kali ya kawaida. Balsamiki ya IGP nayo ina uchachu wa asilimia 6 au zaidi, lakini sukari ya zabibu huufunika, kwa hiyo vijiko 2 vya siki kwa vijiko 4 au 5 vya mafuta vinatosha. Anza kwa kukoroga chumvi ndani ya siki mpaka iyeyuke, kwa sababu chumvi haiyeyuki katika mafuta, kisha utie kijiko 1 cha chai cha haradali. Haradali ndiyo inayozuia kujitenga, kwani ute wake huzunguka matone ya mafuta yasikutane tena upesi. Mafuta yaje mwisho, kidogo kidogo. Ikiwa umetia kitunguu saumu kibichi, iweke sosi katika friji na uimalize ndani ya siku 3. Ikiganda, itoe mapema kabla ya kula.

Kuhusu majani kulegea, mafuta hupenya nta inayofunika jani na chumvi huvuta maji yake, kwa hiyo majani yakaushwe kwa kitambaa na sosi itiwe watu wakiwa wameshaketi. (Kachumbari ni habari nyingine, ile huzidi kunoga kadiri inavyotoa maji.)

SWALI: Sisi ni Waislamu, na nimesoma kwamba siki hii ina divai. Tutumie nini?
Msomaji, Unguja

JIBU: Wanazuoni wanakubaliana kwamba divai iliyogeuka siki yenyewe ni halali, ile iliyogeuzwa kwa kutiwa kitu, madhehebu ya Shafi huikataa na ya Hanafi huikubali. Hukumu ya chupa uliyonayo mwulize sheikh wako. Ukipenda kuepuka shaka, kamua zabibu nyeusi, uchuje maji yake na kuyachemsha siku hiyohiyo kwa moto mdogo mpaka kikombe 1 kibaki robo, uyaache yapoe, kisha utie maji ya ndimu kijiko kimoja kimoja huku ukionja. Harufu ya mapipa hutaipata, lakini utamu na uchachu vitalingana, na vipimo vya mafuta nilivyotaja hapo juu havibadiliki.