Kihispania kilinifaa nini

Mwanangu,

Jumapili tukiwa mezani uliniuliza swali nikalikwepa kwa kukuongezea ndengu: "Mama, ile miaka minne ya kusoma fasihi ya Kihispania chuoni ilikufaa nini hasa?" Hukuuliza kwa dharau, nilikuona. Unapima moyoni kama uache uhasibu ukasome lugha. Nilinyamaza kwa sababu jibu langu linapitia kwa babu yako, na mbele ya wageni ningelia.

Ya kazi niyamalize upesi. Nilipata ajira kwenye kampuni ya safari, kuwapokea wageni uwanja wa ndege na kuwatembeza Maasai Mara. Mshahara ule ulilipa karo yako ya mwanzo. Usitegemee makubwa zaidi ya hapo.

Niliingia chuoni 1994 nikitokea mtaa wetu wa Majengo, na aibu nisiyomwambia mtu. Bibi yangu alikuwa akikanda unga wa mahamri huku akisimulia jini aliyemchukua jirani, kwa sauti ileile aliyotajia bei ya sukari. Wenzangu darasani walizungumza habari za sinema na za kupanda ndege. Bibi nikamwona ushamba wa kufichwa.

Mwaka wa pili tukasoma Cien años de soledad (Miaka Mia ya Upweke), riwaya ya Gabriel García Márquez iliyotoka 1967. Mle kuna msichana mrembo anayepaa mbinguni mchana kweupe wakikunja mashuka uani, na mwanamke wa nyumba ile anabaki kumwomba Mungu amrudishie mashuka yake. Darasa lilicheka. Mimi nilihisi uso unawaka, maana hiyo ilikuwa sauti ya jikoni kwetu. Mwalimu akatueleza kwamba mwandishi alilelewa na babu na bibi yake huko Aracataca, Kolombia, na mwenyewe alisema sauti ya kitabu kile aliipata kwa bibi, aliyekuwa akisimulia maajabu bila kukunja uso. Siku hiyo nilitembea kwa miguu mpaka Majengo, nikaketi mkekani, nikamwambia, "Bibi, nisimulie ya yule jini." Akaniuliza kama ninaumwa.

Lakini paliponigeuza ni pengine. Katika riwaya hiyohiyo wafanyakazi wa mashamba ya ndizi wanagoma, jeshi linawamiminia risasi mbele ya kituo cha treni, na aliyenusurika kila akisimulia anaambiwa hakuna aliyekufa. Jambo lenyewe lina asili yake: Desemba 1928, mji wa Ciénaga, wanajeshi waliwapiga risasi wagomaji wa kampuni ya matunda ya Kimarekani, na idadi ya waliokufa inabishaniwa hadi leo.

Usiku ule sikulala. Nilikuwa nikiwaza Jumapili ya 1 Agosti 1982, siku ya jaribio la mapinduzi hapa Kenya, nikiwa na miaka minane. Babu yako alikuwa fundi cherehani Biashara Street, na siku ile nyumbani kwetu ilikuwa kama haikuwahi kuwapo. Nikamwendea. Akakata uzi kwa meno, akasema, "Ya nini hayo leo?" Zamani ningeomba radhi nikaondoka. Lakini nilikuwa nimefundishwa kuusoma ukurasa mara tatu kabla ya kufungua mdomo, basi nikakaa kimya. Chai ilipoa. Hatimaye akaanza: sauti ngeni redioni, maduka ya Wahindi yaliyovunjwa, na mwenzake wa cherehani ya pili aliyetoka kutafuta maziwa asirudi. Siku tatu alimtafuta mochari. Kile kiti cha pili dukani, ambacho hakuna mteja aliyeruhusiwa kukikalia, kilikuwa chake.

"Hakuna aliyeniuliza," babu yako akasema. Miaka 13 nzima.

Hicho ndicho nilichopata, mwanangu. Niliingia nikitaka lugha ya kujivunia, nikatoka nimempata baba yangu.

Watakuambia mambo ya Wahispania si yetu. Lakini Waislamu, Waarabu pamoja na Waberberi wa Afrika Kaskazini, walitawala sehemu za Uhispania tangu 711 mpaka 1492, ndiyo maana sukari yetu kwao ni azúcar, na neno letu 'hata' kwao ni hasta, yote kutoka Kiarabu. Fort Jesus pale Mombasa ilianza kujengwa 1593 kwa amri ya mfalme Felipe II wa Uhispania, aliyekuwa ametwaa na taji la Ureno. Cervantes, mwandishi wa Don Quijote, alikuwa raia wa mfalme huyohuyo. Mimi mambo haya bado yananisisimua, na nitakusimulia mengine ukitaka.

Kitabu kiko kabatini, nyuma ya vikombe vya wageni, na pambizo zake zimejaa penseli yangu. Kichukue. Na najua swali la Jumapili halikuwa ulilotaka kuniuliza. Lipo jingine, la baba yako, unalolizunguka tangu ukiwa kidato cha pili. Njoo Jumamosi, peke yako. Nitachemsha chai, na safari hii wewe ndiye utakayekaa kimya.

Mama yako