Kuadhimisha Jul na Siku Fupi ya Mwaka Nyumbani

Mjini Stockholm, jua la tarehe 21 Desemba huchomoza karibu saa tatu kasoro robo asubuhi na kuzama kabla ya saa tisa alasiri. Sisi tuliokulia karibu na ikweta, ambako jua hutua kwa saa ileile karibu mwaka mzima, tunauona upungufu huo mwilini kabla hatujauelewa kichwani. Kwa hiyo, wazazi wenzangu wanaponiuliza waanzeje kuadhimisha sikukuu za majira ya baridi, hasa Jul, yaani Krismasi ya Waswidi, ambazo watoto wao wanazileta nyumbani kutoka shule za Uswidi, huwaambia waanze na jua lenyewe, kwani mapambo yatafuata.

Siku hiyo, karibu saa sita mchana, jua hupanda kiasi cha nyuzi saba tu juu ya upeo wa macho. Mwanga wake huingia ndani karibu mlalo, na kama nyumba ina dirisha linaloelekea kusini bila jengo refu mbele yake, hufika hadi ukuta wa mwisho wa chumba. Kwetu watoto huchora alama ya penseli pale mwanga unapogota, kisha huendelea kuchora nyingine wiki baada ya wiki kila mawingu yanapowaruhusu, na Desemba ya huku mara nyingi hairuhusu. Kufikia Machi mwanga umeshateremka sakafuni na kurudi nyuma kuelekea dirishani, na mtoto wa miaka sita ameelewa, bila kuhubiriwa, kwa nini watu wa kale walikuwa na hamu ya kuusherehekea mgeuko huu wa jua, siku zinapoanza kurefuka tena. Jua linapozama jioni ya tarehe 21 tunazima taa za umeme, tunawasha mishumaa, na tunakula wali wa maziwa wenye mdalasini, ambao Waswidi huficha lozi moja ndani yake. Atakayeipata, kwa mila yao, ataolewa au kuoa mwaka unaofuata. Sisi tumembadilishia zawadi hiyo na kumpa haki ya kuchagua hadithi ya usiku.

Wapo ndugu wanaoogopa kwamba huu ni upagani. Hofu hiyo ina msingi, ila mara nyingi inaelekezwa pasipostahili. Ni kweli kwamba Jul ilikuwa sikukuu ya Waskandinavia kabla ya Ukristo, yenye kafara na unywaji mwingi wa bia, na masimulizi ya kale yanasema kuwa Mfalme Håkon wa Norwe, katika karne ya 10, ndiye aliyeihamishia kwenye tarehe ya Krismasi. Lakini mti uliopambwa ni desturi ya Wajerumani Wakristo wa karne ya 16, na desturi ya Lucia ya tarehe 13 Desemba, ambayo leo huwa na maandamano, vazi jeupe na taji la mishumaa, ina kumbukumbu ya maandishi tangu 1764 tu, tena kwa jina la mtakatifu wa Sicilia. Wanaoabudu miungu ya kale kwa dhati wapo hata leo. Huko Iceland chama chao kilianzishwa mwaka 1972 na kutambuliwa na serikali mwaka uliofuata. Ibada yao ni yao, na anayealikwa aulize mapema kitakachofanyika, kama ambavyo angeuliza kabla ya kuingia msikitini au kanisani kwa mara ya kwanza. Kuadhimisha majira si lazima kuwe kuabudu: kule Makunduchi, Unguja, Waislamu hupigana kwa mabua ya migomba na kuchoma kibanda katika Mwaka Kogwa, sherehe yenye asili ya Kiajemi.

Jikoni ndiko tunakojisikia wenyeji zaidi. Mvinyo wa moto ambao Waswidi hunywa Desemba hutiwa karafuu, iliki, mdalasini na tangawizi, viungo ambavyo hakuna mtu wa pwani wa kumfundisha. Badala ya mvinyo mimi huchemsha rozela kavu pamoja na viungo hivyo, nikaongeza sukari, zabibu kavu na lozi, na wageni wa Kiswidi huomba kikombe cha pili. Kwa mikate ya zafarani ya Lucia, saga gramu moja ya zafarani pamoja na sukari kidogo na uiloweke katika nusu lita ya maziwa ya uvuguvugu kabla ya kukanda. Usizidishe unga hata kama kinyunga kinanata, na uoke kwa moto mkali kwa dakika chache tu, kwa maana mikate hii hukauka upesi.

Taji la Lucia la mtoto liwe la taa za betri. Mti nao unywe maji kila siku, kwa kuwa mti mkavu hushika moto haraka mno, na mshumaa usiachwe peke yake hata kwa muda wa kufungua mlango.

Mwisho wa sherehe nao upangwe. Waswidi huutoa mti nje tarehe 13 Januari, siku ya Knut, baada ya watoto kula peremende zilizoning'inizwa juu yake. Mti na utoke, lakini kinara cha taa za umeme cha dirishani kiacheni kiwake hadi Februari, kwa sababu Januari iliyobaki haina sikukuu ya kuipunguza baridi na giza bado ni refu.